Romansi ya Baragumu na Ngoma Inayosema

Kuna maoni yaliyozoeleka katika kitivo chetu kwamba muziki usio na maneno si kazi yetu. Wimbo tunaukubali: tunauchambua mashairi yake, tunahesabu mizani, tunatafuta tamathali za usemi. Lakini ala zikipigwa peke yake, bila mwimbaji, tunasema hayo ni ya watu wa muziki au ya vijana wa fanfari za kanisani, na sisi tunafunga daftari. Katika makala hii napinga maoni hayo. Nitaanza mbali, kwa kipande kifupi cha Kifaransa cha baragumu na piano, kisha nitarudi kwetu Kabondo-Dianda. Naamini kipande hicho kinatusaidia kuona kitu kinachopotea hapa nyumbani, na kitu hicho ni cha lugha kabisa.

Kipande chenyewe ni Romance, opus 36, ya Mfaransa Camille Saint-Saëns, iliyotungwa mwaka 1874. Kiliandikwa kwa baragumu pamoja na okestra, lakini mahali pengi huchezwa na watu wawili tu, mmoja kwenye baragumu na mwingine kwenye piano. Baragumu hili si lile la pembe ya mnyama. Ni bomba refu la shaba lililokunjwa mviringo, lenye mdomo mpana ambamo mpulizaji huingiza mkono wake wa kulia. Sauti yake ni nzito na laini, karibu na sauti ya mwanamume anayeimba bila kupaaza. Kipande chote ni cha dakika chache tu. Piano inaweka mapigo matatu matatu, polepole. Baragumu linaingia na sentensi ndefu, kila moja ikikadiriwa kwa pumzi ya binadamu. Katikati mambo yanachangamka kidogo, halafu sauti ya mwanzo inarudi, na yote yanaisha kwa utulivu. Hakuna mbio wala maonyesho ya vidole. Rekodi zake ni nyingi na zinasikilizika hata kwenye simu ndogo, kwa hiyo msomaji anaweza kupima mwenyewe ninayoyasema.

Mwanafunzi wa lugha aanze na jina. Romance katika Kifaransa ni jina la wimbo mfupi wa beti, wenye maneno ya mapenzi au ya huzuni, uliokuwa ukiimbwa sebuleni. Saint-Saëns alichukua jina la kitu chenye maneno akalipa kitu kisicho na maneno. Wala hakuwa peke yake. Mjerumani Robert Schumann alipoandika Adagio na Allegro kwa baragumu na piano mwaka 1849, sehemu ile ya polepole aliiita kwanza Romanze. Paul Dukas aliandika kipande cha baragumu na piano mwaka 1906 kwa mashindano ya chuo cha muziki cha Paris, akakiita Villanelle, na villanelle ni aina ya shairi lenye mistari inayorudiwa kwa kanuni. Francis Poulenc aliandika Élégie mwaka 1957 kumkumbuka Dennis Brain, mpulizaji mashuhuri wa Uingereza aliyekufa katika ajali ya gari mwaka huohuo, na élégie ni shairi la maombolezo. Romance, villanelle, élégie: tungekutana na majina haya katika somo la ushairi kabla ya kukutana nayo katika somo la muziki.

Maana yake ni kwamba watunzi hawa wanatuambia: sikilizeni hiki kama shairi, ila maneno nimeyatoa. Tujiulize basi kinachobaki ni nini. Unabaki urefu wa sentensi. Kinabaki kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Vinabaki vituo, swali na jibu kati ya baragumu na piano, na kibwagizo kinaporudi. Kila kimoja cha vitu hivi kina jina katika madaftari yetu ya mwaka wa kwanza. Hatuhitaji kusoma nota ili tuseme jambo la maana juu ya Romance. Tunahitaji kusikiliza kama tunavyosikiliza mtu anayezungumza nyuma ya ukuta, ambaye maneno yake hayatufikii lakini tunajua kama anaomba, anakataa au anaaga.

Kuna mtu aliyewahi kulisema hili kwa ukali zaidi. Felix Mendelssohn, aliyetunga vipande vingi vya piano alivyoviita nyimbo zisizo na maneno, aliulizwa mwaka 1842 maana ya baadhi yake. Jibu lake katika barua lilikuwa kwamba watu hudhani muziki hauna uhakika na maneno ndiyo yenye uhakika, lakini yeye aliona kinyume: maneno ndiyo yanayoeleweka vibaya. Sikubaliani naye moja kwa moja, na sababu yangu nitaitoa nikifika kwenye ngoma. Lakini hoja yake inatosha kutufungulia mlango, kwa kuwa anazungumzia maana, na maana ni shamba letu.

Kabla ya kufika kwenye ngoma, tuangalie historia ya baragumu lenyewe. Kabla ya kuwa chombo cha sebuleni lilikuwa chombo cha kazi. Huko Ufaransa wawindaji juu ya farasi walilipuliza msituni, na kila mlio ulikuwa na maana iliyokubaliwa: mnyama ameonekana, mnyama ameingia majini, mnyama amekamatwa. Dereva wa gari la posta naye alipuliza kutangaza kwamba anakaribia. Baragumu la zamani halikuwa na vali, kwa hiyo lilitoa sauti chache tu zinazotokana na bomba lenyewe. Vali zilibuniwa Ujerumani kati ya miaka ya 1814 na 1818 hivi, na baada ya hapo ndipo lilipoweza kupita kwenye sauti zote kwa urahisi na kuimba kama mtu. Kwa maneno mengine, Romance ya mwaka 1874 ni chombo kilichostaafu kazi ya kupeleka habari kikaanza kusema mambo ya moyoni.

Waswahili wa pwani nao wanalijua baragumu la kazi. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba, zimehifadhiwa Lamu hadi leo. Siwa ilipulizwa katika harusi za watu wakubwa, katika sherehe za tohara na katika mambo ya utawala. Aliyeisikia alijua kwamba nyumba yenye heshima ina shughuli. Lakini siwa haikusema sentensi, wala isingeweza. Kiswahili sanifu si lugha ya toni. Kinatumia mkazo, na mkazo huo karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuna jozi chache tu kama barábara na barabára, moja ikiwa na maana ya sawasawa na nyingine ikiwa njia ya magari. Lugha ya namna hiyo ukiiondolea vokali na konsonanti zake, hubaki na mkazo peke yake, na mkazo peke yake hauwezi kubeba sentensi.

Lugha za jirani zetu wengi haziko hivyo. Chukua mfano ambao kila mwanafunzi wa Kongo anaujua. Katika Lingala, moto ni mtu ikiwa silabi zote mbili ziko chini. Silabi ya kwanza ikiwa juu na ya pili chini, ni moto unaowaka. Ya kwanza ikiwa chini na ya pili juu, ni kichwa. Herufi ni zilezile, na sauti ndiyo inayoamua. Sasa ondoa herufi uache sauti peke yake, juu na chini, kwenye gogo lililochongwa tundu lenye midomo miwili inayotoa milio tofauti. Sehemu kubwa ya sentensi imebaki. Hiyo ndiyo ngoma inayosema.

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Alionyesha kwamba katika Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yana toni sawa, kwa hiyo mpiga ngoma hawezi kuyapiga hivihivi. Anaongeza maneno: mwezi hutajwa pamoja na kifungu kinachosema unaitazama ardhi, na kuku hupewa kifungu chake chenyewe. Ndiyo maana lugha ya ngoma ni ndefu kuliko lugha ya mdomo, na imejaa vifungu vya kudumu ambavyo sisi katika somo la fasihi simulizi tungeviita sifa au majigambo. Kwa hiyo mpiga ngoma hutunga pia, maana hawezi kutaja kitu bila kukipamba.

Upande wetu wa Uluba jambo hili liliandikwa mapema zaidi. Mwaka 1945 E. Van Avermaet alichapisha katika jarida la Aequatoria makala juu ya toni za Kiluba cha Samba na ngoma ya kupelekea habari, ambayo Wabelgiji waliiita ngoma-telefoni. Ni mtu huyohuyo ambaye, akisaidiana na Benoît Mbuya, alitoa kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa mwaka 1954. Tazama alivyounganisha mambo mawili katika kichwa kimoja cha makala: toni na ngoma. Kwake ngoma ilikuwa ushahidi wa kiisimu. Mtu akitilia shaka kwamba silabi fulani iko juu, ngoma inamjibu, kwa sababu ngoma haina kingine cha kusema isipokuwa juu na chini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Mendelssohn, na hapa ndipo makala hii inapofika Kabondo-Dianda. Muziki usio na maneno ni wa aina mbili, na tukizichanganya tunakosea. Romance ya baragumu haina maneno kwa sababu mtunzi hakuyaweka. Hakuna sentensi ya Kifaransa iliyofichwa chini yake, na anayeitafuta anapoteza muda. Ngoma ya Kiluba haina maneno masikioni mwa asiyejua tu. Maneno yamo, yanangoja mtu anayeyajua. Ya kwanza inasikika vilevile kwa mtu wa Paris na wa Bukama. Ya pili ni habari kwa mmoja na kelele nzuri kwa mwingine.

Sasa fikiria mji wetu. Kabondo-Dianda ni mji wa reli, katikati ya Bukama na Kamina, kwenye njia iliyofunguliwa hadi Ilebo mwaka 1928. Reli na migodi vililetea Katanga Kiswahili cha kazini, kikawa cha sokoni, kikawa cha nyumbani. Silaumu. Mimi mwenyewe naandika kwa Kiswahili, nakipenda, na jarida hili lisingekuwepo bila hicho. Lakini mtoto wa karibu na stesheni anayelelewa kwa Kiswahili peke yake anakua bila sikio la toni, kwa sababu lugha yake haimdai toni. Siku atakapoisikia ngoma kijijini kwa babu yake, atasikia kile ninachosikia mimi katika Romance: mdundo, kupanda na kushuka, labda huzuni. Atasema ni muziki mzuri, asijue kwamba ameitwa jina. Saint-Saëns aliyatoa maneno kwa hiari yake. Sisi yanatutoka bila hata mmoja wetu kuamua.

Hata wanaokijua Kiluba hawasaidiwi na maandishi. Vitabu vingi vya Kiluba tunavyosoma kanisani na shuleni havina alama za toni. Msomaji anayejua lugha anazijaza kichwani, na asiyejua anasoma kama Kiswahili, kwa mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo za kanisa zilizotafsiriwa zina tatizo jingine linalojulikana kote Afrika kwenye lugha za toni: sauti ya wimbo wa Ulaya inapanda pale neno linapotaka kushuka, na mwimbaji analazimika kuchagua kati ya wimbo na neno. Mara nyingi anachagua wimbo, maana organi ina nguvu kuliko yeye.

Kamina, jirani yetu, iliwahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 1958 Padri Guido Haazen na kwaya ya vijana na walimu iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin walitoa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa namna ya uimbaji wa kwetu, na mwaka huohuo kwaya hiyo ikaimba Ulaya. Watu huisifu kwa ngoma zake na kwa sauti za watoto. Mimi naona ndani yake jambo la lugha ambalo halisemwi sana. Kilatini hakina toni, kwa hiyo hakikulalamika kilipovalishwa sauti za Kiluba. Ndoa ikafaulu. Lakini ndoa ya kinyume chake, maneno ya Kiluba juu ya sauti za Ulaya, ndiyo tunayoishi nayo kila Jumapili, na hakuna aliyekaa kuihesabu gharama yake.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema kwamba kuanza na Saint-Saëns ni kuabudu ya wazungu, tena mahali ambapo piano ni adimu. Namjibu kwamba sikusema Romance ni bora kuliko ngoma. Nimeitumia kama kioo. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha ya toni haoni kwamba ngoma yake ni ya ajabu, na mtu aliyezaliwa nje yake hajui kwamba kuna cha kusikia. Wote wawili wakiweka kipande kisicho na maneno kweli pembeni ya kipande chenye maneno yaliyofichika, tofauti inajitokeza yenyewe. Tena hata katika sanaa ya Waswahili jambo si geni. Taarabu ya Unguja ina bashrafu, kipande cha ala tupu kinachotangulia nyimbo, na wasikilizaji hawakioni kama shairi lililokosa maneno.

Wa pili atasema kwamba siku hizi kuna simu, nani anahitaji ngoma? Ni kweli, habari ya msiba inafika kwa simu kabla ya mtu kutafuta fimbo za kupigia. Lakini mimi sitetei ngoma kama posta. Naitetea kama kumbukumbu ya lugha. Vile vifungu virefu vinavyotaja watu, mito na wanyama havisemwi na mtu yeyote kwenye simu. Mpiga ngoma wa mwisho akifa, ngoma inaweza kupelekwa jumba la makumbusho, lakini hakuna wa kuisoma.

Wa tatu, na huyu ni mwalimu, atasema kwamba utafiti wa aina hii unadai vyombo na fedha. Sehemu ndogo tu ndiyo inayodai. Mwanafunzi anayekwenda nyumbani likizo ana simu yenye kinasa sauti. Amwombe mzee ruhusa, amrekodi akisema kifungu kimoja kwa mdomo, kisha akikipiga kifungu hichohicho kwenye ngoma. Rekodi mbili za sekunde ishirini, zikiwa na tarehe, mahali na tafsiri, zina thamani kuliko kurasa kumi za kunakili nadharia za toni kutoka vitabu vya watu. Wanafunzi thelathini wakifanya hivyo kwa likizo moja, tuna mkusanyo wa kuanzia.

Ninachokiomba kitivo ni kidogo. Kikubali tasnifu za mwisho wa masomo zinazochunguza lugha ya ala, bila kuzirudisha kwa madai kwamba ni muziki. Katika masomo ya Kiluba, toni ziandikwe ubaoni na madaftarini, hata kama vitabu havina, na mtihani uziulize. Na kila muhula pawe na saa moja ya kusikiliza, ambapo wanafunzi wanaweka kalamu chini. Hapo ningependa Romance ya Saint-Saëns ipigwe kwanza, watu waseme walichosikia: pumzi, swali, kurudi kwa kibwagizo. Kisha ipigwe rekodi ya ngoma, na aulizwe anayejua Kiluba na asiyejua. Majibu yao yakilingana, nitakubali kwamba nimekosea na kwamba yote ni muziki tu. Yakitofautiana, basi tumepata somo la isimu ambalo hakuna kitabu kilichotuandalia.

Nawaomba walimu wasiokubaliana nami waandike katika toleo lijalo. Lakini wanaotokea Bukama, Kamina, Malemba-Nkulu na vijiji vya kando ya Lualaba wasingoje mjadala uishe. Likizo iko karibu, na wazee hawatatungoja.